Nimeaibika pangoni Amboni, nisaidieni kamusi ya Kiingereza

Popo wa Ngamiani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Natembeza wageni mapango ya Amboni, mwaka wa pili sasa. Shule niliishia kidato cha pili, Kiingereza nakiokoteza kwa wageni wenyewe. Juzi tuko ndani kabisa, kule kwa kuinama, tochi yangu ikazima. Nikamwambia mama mmoja, "Please borrow me your torch." Akaduwaa. Mumewe ndiye aliyeng'amua, akanipa yake. Tulipotoka nje akaninong'oneza kwamba ningesema "lend". Nikarudi nyumbani, nikafungua kijikamusi changu nilichonunua kwa machinga barabara ya 9. Azima: borrow, lend. Koma katikati, basi! Sasa mimi ningejuaje? Nitajieni kamusi, na kitabu cha sarufi pia. Hela ni ya mawazo, bando ndiyo usiseme.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni:
Marahaba mwanangu. Kijikamusi chako hakikukosea. Sisi ndio wenye neno moja kwa pande zote: naazima jembe kwa jirani, kesho jirani ananiazima jembe. Mwingereza kamtenga anayetoa na anayepokea. Kamusi ya lugha mbili inakupa neno. Namna ya kulitumia utajijua. Wewe tafuta ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Usiiogope. A. S. Hornby alifundisha Japani miaka mingi, na kamusi yake ilitoka kwanza huko Tokyo mwaka 1942, kwa watu ambao Kiingereza si chao, kama mimi na wewe. Ndiyo hii inayoitwa leo Oxford Advanced Learner's. Longman ya mwaka 1978 ikaja na maneno kama 2,000 tu ya kuelezea mengine yote. COBUILD ya 1987 yenyewe inaeleza kwa sentensi nzima, kama mtu anayekusimulia barazani. Kwa tatizo lako hili ningeanza na hiyo.

Ukipata ya Oxford au Longman, tazama herufi C na U kando ya nomino. Yenye U haihesabiki. Hapo wanafunzi wangu walianguka mwaka hadi mwaka: mizigo kwetu ni mingi, wakaandika "luggages", mashauri, "advices". Nilimaliza kalamu nyekundu ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Wewe mizigo ya wageni unaibeba kila siku, anza na neno hilo.

Dada Raskazone:
Kaka, za Oxford na Cambridge za wanaojifunza ziko bure mtandaoni, unabonyeza unasikia na matamshi. Dakika mbili tatu, bando haliishi.

Vitabu Mtumba:
Sarufi ni Raymond Murphy, usihangaike. Chekundu cha wanaoanza, cha bluu kinafuata. Kushoto maelezo, kulia mazoezi. Funua nyuma kwanza uone kama majibu yamo, maana kuna toleo lisilo nayo. Na kama ni cha mtumba, kagua kurasa za kulia. Niliwahi kumuuzia binti mmoja kilichojazwa kwa wino, mimi mwenyewe sikukagua. Mwezi mzima kakariri majibu ya mwenye kitabu wa kwanza, ambaye naye alikuwa anakosa vibaya mno. Nilimrudishia nusu ya hela, na maneno nikayala. Kile kinene cha Michael Swan kiache kwanza. Kile unakiendea ukiwa na swali, hukisomi kama hadithi.

Popo wa Ngamiani:
Mwalimu, nimekuelewa, Mungu akuweke. Leo nilikuwa na Waholanzi wanne. Tochi yangu nzima, nikaificha mfukoni, nikasema, "Could you lend me your torch?" Nikaletewa tatu kwa mpigo.

Vitabu Mtumba, chekundu niwekee, nakuja Jumamosi. Kilichojazwa kwa penseli nachukua, nitafuta. Cha wino baki nacho.