Gumzo la Wazazi wa Nkuhungu: Yupo Darasa la Tatu, Kusoma Bado

Mama Neema: Shikamoo Mwalimu. Mtoto yupo la tatu, ukurasa anausoma wote, ila neno hilohilo akilikuta kwenye gazeti anakwama. Tatizo ni nini?

Mwl. Rehema: Marahaba Mama Neema. Huyo amekariri. Funika picha, mwanzishe sentensi ya mwisho kupanda juu, kisha mwonyeshe neno mojamoja bila mpangilio. Akikwama, kitabu cha la tatu kiwekwe pembeni kwanza. Mwandikie silabi 10, maneno mafupi 10 na habari ya sentensi 4. Anapoanza kukosa zaidi ya 2 katika 10, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni ma me mi mo mu.

Baba Elia: Wa kwangu ba be bi bo bu anaziimba zote vizuri kabisa.

Mwl. Rehema: Kuimba siyo kusoma, Baba Elia. Zichanganye: bo, ta, mi, ke. Kata boksi vipande vidogo, kila kimoja silabi moja. Kwa siku mpe mpya 5 pamoja na 15 anazozijua, aunge mwenyewe: ka-ta, ta-ka, ki-ta-bu. Akichanganya b na d, usizifundishe pamoja. b imkae wiki nzima ndipo ulete d.

Babu Daudi: Niongezee hapo. Wengi hawakwami kwenye ka na wa, wanakwama kwenye kwa. Anasoma "ka-wa". Mpeni ukoo mzima: kwa, kwe, kwi. Halafu mwa, nya, mba, nda. Na ile m ya mtoto ni silabi peke yake, m-to-to, makofi matatu. Mbuzi ni mbu-zi, makofi mawili. Apige makofi kabla ya kusoma, ataacha kusema "mutoto". Ngoma na ng'ombe ziandikwe jirani ili azisikie tofauti.

Mama Neema: Asante Babu. Na hesabu? 52 toa 27 anaandika 35 kila siku.

Babu Daudi: Anatoa 2 kwenye 7 kwa sababu 2 haitoshi kutoa 7, anageuza tu. Msimwambie "kopa" bado, hajui anakopa nini. Chukueni vijiti, mfunge mafungu 5 ya kumikumi na 2 vya peke yake. Atoe 7: havitoshi, basi afungue fungu moja kwa mkono wake. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu 25. Aandike kila hatua papo hapo, vijiti vikiwa bado mezani. Vijiti bila daftari huwa mchezo tu.

Mwl. Rehema: Na anayeandika mia tatu na tano kuwa 3005, mkatie kadi ya 300 na kadi ndogo ya 5. Ailaze 5 juu ya sifuri ya mwisho, ataiona 305. Yule anayehesabu vidole hata kwa 8+5, afundishwe kujaza kumi: 8 inataka 2, zinabaki 3, 13. Sokoni mpeni chenji aifanye yeye: mboga za 650, ametoa 1,000. Apande kutoka 650: 50 ni 700, 300 ni 1,000. Chenji 350.

Baba Elia: Muda gani kwa siku Mwalimu?

Mwl. Rehema: Dakika 20, siku 5 za wiki. Saa mbili za Jumamosi peke yake hazisaidii, Jumatatu kashasahau. Na tafadhali jamani, fimbo na "we mjinga" viachwe. Mtoto mwenye hofu anabahatisha neno kwa herufi ya kwanza ili yaishe haraka. Anayekunja uso akitazama ubaoni, apimwe macho kabla ya yote, na mwalimu wa darasa aombwe amkalishe mbele.

Mama Neema: Vijiti, mabua ya mtama yanafaa?

Babu Daudi: Yanafaa, yawe makavu, urefu wa kidole. Kata 100, na raba za kufungia 10.