Mwendelezo wa biashara: BCI, DRI, DRJ au vyanzo vya bure? Kipi kinatufaa Kanda ya Ziwa?

Ngosha_Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye SACCOS moja hapa Mwanza, na mpango wa mwendelezo wa biashara (yaani kazi isisimame janga likitokea) pamoja na urejeshaji wa mifumo baada ya majanga umekabidhiwa kwangu. Bodi imekubali kutenga fungu la kujiendeleza kwa mwaka ujao wa fedha, ila linatosha kitu kimoja tu. Naomba tulinganishe kwa uwazi.

BCI (Business Continuity Institute) ya Uingereza, chama cha wataalamu wa kazi hii kilichoanzishwa 1994, inatoa uanachama wenye webina (semina za mtandaoni), ripoti za kila mwaka na punguzo kwenye mkutano wao wa BCI World. DRI International (Disaster Recovery Institute) ya Marekani ilianza 1988, na nguvu yake naiona zaidi kwenye kozi na vyeti. DRJ (Disaster Recovery Journal) ni jarida la Marekani lililoanza 1987. Makala zake nyingi unazisoma mtandaoni bila kulipa, lakini meneja wangu amevutiwa na mkutano wao wa Orlando, ule wa mwezi wa tatu, na anataka mtu mmoja apelekwe. Njia ya mwisho ni kubaki na vyanzo vya bure kama Continuity Central, kisha hela iende kwenye zoezi la kuzima na kurejesha mifumo hapa hapa ofisini.

Binafsi naegemea hiyo ya mwisho. Ninachohofia ni kujifungia Mwanza nikaachwa na mambo mapya. Nipeni mawazo.

Bint_Capripoint

Kaka Ngosha, hongera kwa kuwa na bodi inayosikiliza. Niko kwenye kazi hii upande wa benki, nimekuwa mwanachama wa BCI na miongozo ya DRI nimeisoma. Nitalinganisha hao wawili, maana DRJ naishia kwenye makala.

Mwongozo mkuu wa BCI, Good Practice Guidelines, toleo la 7 lilitoka 2023. Umegawanyika katika sehemu sita na unaoana vizuri na ISO 22301, kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa biashara kilichotoka mara ya kwanza 2012 kikaboreshwa 2019. Kama wakaguzi wako wanaulizia ISO, hapo utapata nafuu. DRI wana maeneo kumi ya utaalamu. Tofauti utakayoiona mfukoni na kwenye wasifu wako ni cheti. CBCI ya BCI unaipata kwa kufaulu mtihani. CBCP ya DRI inataka mtihani pamoja na uthibitisho wa uzoefu wa kazi wa zaidi ya miaka miwili, na ambaye hajafikisha huanzia cheti cha chini yake, ABCP. Kwa mtu aliyekabidhiwa jukumu juzijuzi, CBCI inafikika haraka zaidi.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni saa. Webina ya Uingereza ya saa 9 alasiri, kwetu ni saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 12 kuanzia mwishoni mwa Oktoba wanaporudisha saa nyuma. Uko ofisini bado au ndiyo unafunga. Ya Marekani ya saa 8 mchana kwa saa za New York inakukuta saa 3 usiku, na miezi ya baridi yao saa 4. Mtu mwenye familia anajiandikisha kwa moyo mweupe, halafu hahudhurii. Kurekodiwa zinarekodiwa, ila swali lako hujauliza.

Kwa hiyo kati ya hao wawili, kwa hapa tulipo, kura yangu ni BCI. Ripoti yao ya Horizon Scan peke yake inasaidia sana ukiwa mbele ya bodi, kwa sababu inaonyesha wenzetu duniani wanahofia nini mwaka huo.

Mtoto_wa_Kamanga

Dada Capripoint umeeleza vizuri, ila naomba tutenganishe vitu viwili tunavyovichanganya. Kuna habari za kukufundisha na kuna habari za kukuamsha usiku. BCI, DRI na DRJ wote ni wa kundi la kwanza. Sisi tunaosambaza dawa na vifaa kwenda Sengerema, Geita na visiwani, zinazotuokoa ni za kundi la pili, na hizo zote ni bure.

Nianze na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanatoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, na wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwetu kila ngazi imefungwa na kitendo. Ikitoka angalizo la upepo mkali na mawimbi ziwani, mzigo wa Ukerewe tunaupanga upya siku hiyo hiyo. Ikitoka tahadhari, hakuna anayepanda boti kwa kazi yetu, hata mteja akipiga simu mara ngapi. Wakazi wa huku hatuhitaji kuelezwa kwa nini. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na MV Nyerere ilipinduka Ukara 20 Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 200. Vyombo vile vilikuwa na matatizo mengine kabisa, ikiwemo kujaza kupita kiasi, lakini vilitufunza kwamba uamuzi wa kusafiri au kutosafiri usiachiwe mtu aliyeko gatini na haraka zake.

Ongeza USGS, shirika la jiolojia la Marekani, ambao wanakutumia barua pepe ya tetemeko ukichagua eneo lako. Kagera ilitikiswa 10 Septemba 2016 kwa ukubwa wa 5.9, kwa hiyo tusijidanganye kwamba matetemeko ni ya watu wa mbali. Kwa picha pana ya majanga duniani kuna tovuti za GDACS, ya Umoja wa Mataifa na Tume ya Ulaya, na ReliefWeb ya Umoja wa Mataifa. Kwa upande wa mifumo kuna TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, wanatoa tahadhari za mashambulizi ya mtandaoni.

Na kuna habari ambazo hakuna jarida la Orlando litakuandikia. Mei 2020 ziwa lilipanda likapita rekodi ya 1964, mialo ikaingiliwa na maji. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Mpango wetu wa zamani ulikuwa na ukurasa mzima wa "kivuko kikisimama". Tumeufuta tukaandika upya, maana sasa swali ni gari kuharibika au barabara kufungwa. Umeshapitia mpango wenu tangu daraja lifunguliwe?

Fundi_Inveta_Igoma

Hoja ya Kamanga naiunga mkono, lakini habari za mbali nazo zisidharauliwe. Mfano ni moto wa Daejeon, Korea Kusini, 26 Septemba 2025. Betri za lithiamu ziliwaka kwenye kituo cha data cha serikali wakati mafundi wanazihamisha, na mifumo 709 ikasimama. Hifadhi moja ya mafaili ya watumishi ikateketea jumla, kwa sababu haikuwa na nakala mahali pengine.

Sasa njoo Mwanza. Ofisi nyingi ninazofunga inveta zimehama kutoka betri za maji kwenda lithiamu, na ni hatua nzuri, nazipendekeza mwenyewe. Ila nikifika naonyeshwa chumba cha seva: "Weka hapa, ndiko kuna kiyoyozi." Betri inakaa chini ya raki, futi mbili kutoka kwenye diski ya bakapu (nakala ya akiba ya data). Baada ya habari ile ya Korea nimekataa kufunga namna hiyo. Betri ikae chumba chake chenye hewa, waya wa kutosha tutanunua, na nakala ya bakapu itoke nje ya jengo. Fundi akiwa anagusa betri, kabla hajakata waya, mtu wa TEHAMA athibitishe bakapu ya siku hiyo imekamilika na imefika inakokwenda. Ulizeni kwenye ofisi zenu nani ana jukumu hilo. Mara nyingi hayupo.

Umeme nao usisahaulike. Aprili mosi 2024 gridi ya taifa ilizimika nchi nzima. Pale Nyakato kuna mitambo ya mafuta ya megawati 63, lakini huwezi kupanga biashara yako kwa kudhani itawashwa kwa ajili yako. Jenereta yako ina mafuta ya saa ngapi leo? Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kufuatilia.

Mkaguzi_Mstaafu

Vijana, shikamooni zenu nimezipokea huko nyuma, nami niseme kidogo. Nimekagua vyama vya ushirika muda mrefu. Mkaguzi akija kwenye SACCOS hatakuuliza umehudhuria mkutano gani. Anataka kuona mpango uliopitishwa na bodi, ushahidi kwamba ulijaribiwa, na mapungufu yaliyoonekana yamefanyiwa nini. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS ziko kwenye daraja la tatu la watoa huduma hizo, na usimamizi wake BoT imeukasimu kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kwa hiyo bakapu ya taarifa za wanachama ikipotea, au ikahifadhiwa kienyeji kwenye flashi ya mtu, hilo ni suala la kisheria.

Hata hivyo simuungi mkono anayesema vyeti havina kazi. Mtu mwenye cheti bodi humsikiliza. Nimeona mpango mzuri ukitupwa kapuni kwa sababu aliyeuleta alionekana "kijana wa kompyuta". Ngosha, kama hela itabaki hata kidogo, lipia mtihani.

Dada_wa_Bukoba

Babu Mkaguzi, shikamoo. Mimi nitatetea mikutano kidogo, maana hapa naona inahukumiwa bila wakili. Mkutano mzuri haukupi habari, kwa sababu habari zimeshatoka mtandaoni. Unakupa watu waliopitia tukio. Julai 19, 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows. Ripoti zimeandikwa nyingi, lakini ukimkuta mtu aliyezunguka matawi akiwasha mashine moja moja kwa mkono, atakwambia funguo za kufungulia diski zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imelala. Kitu kama hicho watu hawakiandiki kwenye ripoti, wanakisema wakati wa chai.

Tatizo langu na Orlando ni nauli, viza na hoteli kwa mtu mmoja, ambaye akirudi anaandika ripoti ya kurasa mbili. Kwa fedha hiyo hiyo waite watu wa mwendelezo kutoka ofisi za Mwanza, Bukoba, Musoma na Geita, mkae ukumbini siku moja, kila mmoja aeleze tukio lililomkuta. Siku hiyo iwekeni kwenye wiki ya BCI ya uhamasishaji, ya mwezi wa tano, au 13 Oktoba ambayo ni siku ya kimataifa ya kupunguza athari za maafa, mpate na sababu ya kualika mamlaka.

Nyongeza moja muhimu. Vyanzo vyote mlivyotaja vinategemea intaneti. 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania tuliumia sana. Ofisi yetu ilikuwa inalipia kampuni mbili za intaneti tukidhani tuko salama, kumbe njia ya baharini ni zile zile. Oktoba 2025, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Muulize mtoa huduma wako kwa maandishi trafiki yako inatokea wapi na nyaya zikikatika inapita wapi. Na mpango wenyewe uwe umechapishwa, pamoja na namba za simu za watu, maana ujumbe wa WhatsApp siku hiyo haupo.

Ngosha_Nyakato

Nimewasoma wote, asanteni sana. Swali la Kamanga limenigusa: hapana, hatujapitia tangu daraja lifunguliwe, na tawi letu la Sengerema bado linaonekana kwenye mpango kama liko ng'ambo ya kivuko. Orlando nitaiondoa mezani. Nitaomba fungu ligawanywe, sehemu kubwa kwenye zoezi na inayobaki mtihani wa CBCI. TMA, USGS na TZ-CERT najiandikisha kesho asubuhi.

Nisaidieni jambo moja zaidi. Zoezi la kwanza lianzie wapi? Nikizima kila kitu kwa mara moja wanachama watapiga kelele dirishani.

Bint_Capripoint

Usizime kila kitu, kaka. Chagua Jumamosi mchana baada ya kufunga. Chukua bakapu ya jana, irejeshe kwenye mashine tupu, si kwenye seva yenyewe. Mpe keshia mmoja afungue akaunti ya mwanachama, asome salio, alilinganishe na daftari au ripoti iliyochapishwa jana jioni. Andika saa mliyoanza na saa keshia aliposema "salio ni lenyewe". Hiyo namba ndiyo utakayoipeleka kwa bodi, na bodi ndiyo iamue kama wanachama wanaweza kusubiri muda huo.

Cha kuangalia zaidi ni nywila. Mara nyingi urejeshaji unakwama hapo: programu imerudi, data imerudi, nywila ya msimamizi anaijua mtu mmoja ambaye yuko msibani kijijini. Kwa hiyo siku ya zoezi wewe Ngosha usiguse kibodi. Kaa pembeni na kalamu, mwachie msaidizi wako afanye kwa kufuata karatasi ulizoandika, na kila atakapokuuliza, weka alama kwenye karatasi mahali hapo.

Fundi_Inveta_Igoma

Na siku hiyo hiyo kata umeme kwenye swichi kubwa, muone inveta inabeba nini kweli. Mimi nipo Igoma, ukipanga tarehe nijulishe mapema nije na mita.