Bajeti na wafadhili: utafiti wa afya kwa walio wachache kijinsia, Mbeya na Iringa

Mtafiti_Uyole:
Wakuu, habari za kazi. Naandaa andiko la utafiti wa afya ya akili na huduma za VVU kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, pamoja na watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Eneo ni Mbeya Jiji na Iringa Manispaa, watu 400, kwa njia ya kuponi (RDS), yaani kila mshiriki anawaalika wenzake kwa kuponi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Iringa na maambukizi ya 11.1% na Mbeya 9.6%, taifa likiwa 4.4%, ila hautuambii chochote juu ya makundi haya. Fedha za Marekani zimekauka tangu 2025. Nianze kwa mfadhili gani, na bajeti niipangeje isinikwamishe katikati?

Kihesa_Takwimu:
Kamwene. Kabla ya mfadhili, hesabu yako ina tatizo. Ukikadiria kiwango cha 15% na kosa la 5%, unapata watu 196. Kuponi huzunguka ndani ya mitandao ya marafiki, kwa hiyo watu wanafanana, na ndiyo maana tunazidisha kwa 2: 392. Hapo ndipo 400 yako ilipotoka, lakini ni ya mji mmoja. Kati ya Mbeya na Iringa kuna zaidi ya kilometa 300, na mnyororo wa kuponi hautavuka Makambako. Hizo ni sampuli mbili, kila moja na mbegu zake 5 hadi 8, yaani washiriki wa kwanza wanaoanzisha mnyororo. Ama chukua mji mmoja, ama omba fedha za watu 800. Ukigawa 200 kwa 200, msomaji wa andiko akiijua RDS atalirudisha.

Na hayo makundi mawili usiyachanganye kwenye uchambuzi. Hatari zao hazifanani, na kundi dogo litamezwa na kubwa.

Mwanjelwa77:
Kuhusu fedha: NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilifungua ofisi ya utafiti wa makundi haya mwaka 2015, lakini 2025 ikafuta ruzuku nyingi za eneo hili, na Mei mwaka huo ikasimamisha ruzuku mpya zinazopitia chuo cha Marekani kuja kwa mshirika wa nje. Usijenge andiko zima juu ya mlango huo. Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, hupokea maandiko ya afya ya akili. Global Health EDCTP3, mpango wa Ulaya wa utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, inafaa kwa upande wa VVU, ila inataka muungano wa taasisi kadhaa, na afya ya akili peke yake haitapita. UHAI EASHRI ya Nairobi hutoa ruzuku kwa vikundi vya jamii yenyewe, na wanajamii wamo katika kuamua nani apewe. Chuo kisiende kuomba huko kwa niaba yao. Kikundi kiombe chenyewe, kisha ninyi mwe washirika wao.

Muda nao ni fedha. Kamati ya maadili ya Mbeya, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kama kuna mtafiti wa nje, halafu barua za Katibu Tawala wa Mkoa, mkurugenzi na waganga wakuu. Weka mishahara ya miezi 9 kabla ya hojaji ya kwanza. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja. Mradi ukichelewa unakihuisha, na gharama hiyo wengi huisahau.

Kihesa_Takwimu:
Niongezee malipo, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Chukua mfano wa Sh 10,000 za muda na nauli kwa kila mshiriki, na Sh 5,000 kwa kila mtu aliyemleta, kuponi zisizidi 3. Kwa watu 400 wenye mbegu 6: 4,000,000 jumlisha 394 mara 5,000, yaani 1,970,000. Jumla Sh 5,970,000 kwa mji mmoja. Ukipandisha sana, kuponi zinaanza kuuzwa na wanakuja watu wasiohusika.

Lipa taslimu. Malipo ya simu yanaacha jina na namba kwa kampuni ya simu, na Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile", kinaanzia miaka 30 jela. Mkaguzi wa hesabu atataka majina na saini, kwa hiyo kubaliana na mhasibu na mfadhili mapema, kwa maandishi: risiti iwe na namba ya mshiriki na saini za wafanyakazi wawili. Ridhaa nayo iwe ya mdomo, mbele ya shahidi. Karatasi yenye saini inaweza kuwa kitu pekee kinachomuunganisha mtu na utafiti.

Kwenye vishikwambi ondoa swali la GPS, na washa usimbaji wa ODK (programu ya kukusanyia data), ufunguo wa kufungulia ubaki kwa msimamizi wa data peke yake. Mfadhili akitaka data iwekwe wazi, omba itolewe kwa maombi maalumu. Umri, kata na kazi, vikikaa pamoja, vinatosha kumtambulisha mtu katika mji kama wetu. Toa kata, umri uweke kwa makundi ya miaka mitano.

Mtafiti_Uyole:
Ndaga fijo. Nachukua Mbeya peke yake. Je, kwenye maombi ya kibali niandike "makundi maalum" tu, ili lipite kirahisi?

Mwanjelwa77:
Hapana, mkuu. Kamati haiwezi kupima hatari ya watu ambao hukuwataja, na kibali cha namna hiyo hakitamlinda mshiriki wala mhojaji siku polisi wakigonga mlango. Ndani ya itifaki wataje wazi, na ueleze hatua za usalama: wakili wa kupigiwa simu, vyumba viwili vya kuhamia, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Vyote hivyo vina gharama, viwe na mstari wake kwenye bajeti. Lugha ya jumla itumie nje: bango la ofisi liseme "Utafiti wa Afya" basi, na kuponi iwe na namba yake, tarehe ya mwisho na simu ya ofisi, bila neno lolote la kundi.