MREJESHO: Nyumba ya paa la mabati Ruai iliyokuwa ikichoma mchana

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa jinsi ya kupoza nyumba yangu ya mawe yenye paa la mabati huku Ruai, Nairobi, bila kuongeza bili ya stima. Asanteni sana kwa majibu, yamenisaidia kweli.

Nilianza na paa, kama wengi mlivyosisitiza. Fundi alipaka mabati rangi nyeupe, akapiga dari, kisha akaacha matundu upenuni yenye wavu wa mbu ili hewa moto itoke. Tofauti ni kubwa mno. Zamani saa nane mchana joto la mabati lilikuwa likikushukia kichwani pale sebuleni. Sasa mama anakaa hapo akikata sukuma wiki, feni imezimwa. Baridi ya Julai nayo imepungua kiasi, ingawa blanketi ya pili bado tunaitoa.

Chumba cha magharibi ndicho kimenishinda. Pazia zito halikufua dafu, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia. Kurefusha upenu pia hakukutosha: jua la jioni liko chini, linapenya tu. Aliyeniambia kivuli kiwe nje ya dirisha alisema kweli, basi nimepanda mpasheni kwenye fremu ya mbao. Bado haujafunika.

Kwa ambaye hajajenga: Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua kali la chini huingia upande wa mashariki na magharibi, kwa hiyo madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini. Hilo halina gharama likifanywa kwenye ramani. Mbarikiwe sana.