Tupeane uzoefu: kuchagua matairi mapya ya pikipiki za mbio na kuyazoesha lami

Wakuu, tairi langu la nyuma limekuwa tambarare katikati, pembeni kashata bado zipo. Nabadilisha yote mawili: mbele 120/70 ZR17, nyuma 180/55 ZR17. Saizi hazinipi shida. Aina ipi nichukue, na siku za mwanzo niendeshe vipi? Waliopitia huko shusheni nondo.

Kona Kushoto:
Kwanza sema unaendeshea wapi. Matairi ya uwanjani yanashika yakiwa na moto, ndiyo maana kwenye mbio yanafunikwa blanketi za umeme kabla ya kutoka. Barabarani unasimama kwenye taa, unafuata lori, tairi limeshapoa. Mimi nilihamia ya barabarani yenye mpira wa aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni. Asubuhi yenye baridi au mvua nalaza pikipiki bila wasiwasi, na katikati hakuishi haraka kama zamani. Wa kupiga picha na slick, yale ya uwanjani yasiyo na kashata, atakucheka, mwache.

Mzee wa Gia:
Soma ubavu kabla ya kutoa hela. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kuna duka waliniletea jozi, la mbele la juzi, la nyuma limekaa rafuni miaka na limepakwa dawa ya kung'arisha hadi unajiona. Muuzaji akaanza, "hili halijawahi kugusa lami." Sawa, ila mpira unazeeka hata ukiwa rafuni. Nikaliacha palepale.
Angalia na herufi ya mwendo. W ni hadi 270 km/h. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Binti wa Lami:
Kuhusu kuzoesha: tairi jipya linatoka kwenye kalibu likiwa na uso laini unaong'aa, na uso huo hauna mshiko mpaka ukwaruzwe na lami. Kilomita 150 hivi za mwanzo nenda kwa adabu. Unaanza wima, kisha kila kona unalaza kidogo zaidi ya iliyopita. Ukisimama, chuchumaa uangalie: utaona mpaka kati ya sehemu iliyofifia na inayong'aa, unazidi kusogea pembeni. Usiuruke huo mpaka kwa kona moja ya sifa.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Fundi anapaka sabuni ukingo wa tairi ili liingie kwenye rimu, na sabuni haikauki siku hiyo hiyo. Mimi huchora mstari wa chaki unaovuka kutoka tairi hadi rimu. Safari ya mwisho, mstari wa nyuma ulihama karibu upana wa vidole viwili, maana yake tairi lilizunguka ndani ya rimu nilipovuta mafuta. Nikarudi kwa fundi, akalibalansi upya.

Piga Breki:
Naongezea: kukata S barabarani hakupashi tairi moto, kunakuangusha tu. Joto linatokana na kuongeza mwendo na kushika breki ukiwa wima. Na msasa wa kukwaruza tairi jipya achaneni nao.

Kona Kushoto:
Hapo kwa fundi pia pima upepo mwenyewe. Wanajaza kupita kiasi ili ukingo ukae vizuri kwenye rimu, halafu wanasahau kupunguza. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka kama psi 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Ukipima umetoka mwendo mrefu, kipimo kinakudanganya.

Mzee wa Gia:
Na usishangae pikipiki ikiingia kona ghafla kuliko ulivyozoea. Tairi lililoisha katikati lilikuwa linagoma kulala, jipya lina mgongo wa duara. Wengi wanadhani linateleza.

Mwanzisha mada:
Shukrani wakuu. Nimeshawishiwa niweke 190 nyuma ijazie. Inafaa?

Binti wa Lami:
Angalia rimu, upana umechapwa. Ikiwa inchi 5.50, hiyo ni ya 180. Ukibana 190 humo, umbo la mgongo linabadilika, na tairi linaweza kukaribiana na mnyororo. Baki na 180.