Ushauri wakuu: adui wa katuni yangu hafi, na wasomaji wameanza kumpenda

MkaaWaMbagala
Wakuu, heshima zenu.

Nachora katuni ya kurasa 64, nimefika ya 41 na nimekwama. Steringi ni dada mmoja konda wa daladala. Huyo hana shida. Shida ni adui. Anaitwa Kisiki, tajiri wa vyuma chakavu huku kwetu Mbagala. Ukimkata panga usiku, alfajiri ngozi imeshafunga, hakuna hata alama. Risasi anazitema kama kokwa za chungwa. Na ukatili kwake ni starehe: akimvunja mtu kidole haondoki, anavuta kiti, anakaa anamwangalia mpaka kunakucha.

Sikutaka awe mbaya hivi hivi tu, nikampa utoto. Baba wa kambo, chumba kimoja, waya wa pasi. Kurasa sita nzima. Nikawapa wadogo zangu na vijana wawili wa gereji wasome. Wote wamerudi na neno moja, "maskini Kisiki". Mmoja anataka nimchoree Kisiki kwenye bodaboda yake. Konda hata jina hawalikumbuki.

Huo utoto niutoe au niuache? Na mtu wa namna hii anashindwaje bila kuleta miujiza ukurasa wa mwisho? Nipondeni tu, nitavumilia.

Steringi_Hafi
Nimeshika siti ya mbele. Ila kuwa makini mkuu, hata kwenye kibanda umiza adui akishalia tu, nusu ya watu wanahama upande. Steringi hafi, sawa, lakini anasahaulika.

Ngosha_Kkoo
Mkuu, njia hiyo ina nyayo nyingi. Sabretooth, adui katili kwenye katuni za Marvel za Marekani, aliyeanza kuonekana 1977 mikononi mwa Chris Claremont na John Byrne, ana mwili unaojiponya kama huyo wako. Baadaye wakampa utoto: baba anamfunga minyororo chumba cha chini ya nyumba na kumng'oa chonge kwa koleo. Zinaota tena. Anang'oa tena. Hapo pasome taratibu. Mtoto wa kawaida mateso yake yana kikomo, hata kama ni kikomo kibaya, meno yanaisha. Ya huyu hayaishi, na sababu ni ile ile tunayoiita nguvu zake.

DC, wapinzani wa Marvel, walikwenda mbali zaidi na Doomsday, yule aliyemuua Superman mwaka 1992. Asili yake ilisimuliwa 1994: kichanga kinatupwa nje kwenye sayari ya Krypton, kinakufa, mabaki yanaokotwa, kinatengenezwa kingine, kinatupwa tena. Miaka na miaka. Kifo kilichompata mara moja hakimpati tena. Sijawahi kukutana na mtu anayemlilia Doomsday, na nadhani ni kwa sababu hawakukaa kumchora akilia. Wewe umetumia kurasa sita na, nahisi, macho makubwa yenye machozi.

Kosa lako naliona hapa: utoto umeuweka huku, mwili usiokufa kule, katikati umepaka gundi. Kwa hao wenzetu ni kitu kimoja.

MkaaWaMbagala
Macho makubwa yapo. Sikatai.

Mzee_wa_Busara
Sisi wote tumekula fimbo na tumekuwa watu. Toa huo utoto wote. Siku hizi kila jambazi ana historia. Zamani jambazi alikuwa jambazi, unamwogopa, basi.

Mama_Nasra
Mzee wa Busara, fimbo ninazozijua mimi zina kanuni, za mwaka 2002: visizidi viboko vinne na mkuu wa shule aidhinishe. Waya wa pasi usiku wa manane haumo, kwa hiyo tusichanganye mambo.

Mwanangu Mkaa, nimefanya kazi ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na kinachonikera si huruma ya hao vijana wa gereji. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2011 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walisema walipigwa, iwe ngumi, mateke au fimbo, kabla ya kufikisha 18. Robo tatu! Daladala ya huyo konda wako ikijaa, wengi waliomo humo wamepitia. Wangekuwa wote kina Kisiki mji huu usingekalika. Sasa kuna mtoto atanunua katuni yako akiwa na alama za jana mgongoni. Anasoma nini humo? Kwamba akikua atavunja watu vidole.

Mpe mtoto huyo mtu mwingine wa kumtazama. Chumba kilikuwa kimoja, lakini nyumba je? Nyumba zetu zina vyumba sita na ukuta haufiki kwenye bati. Wote wanasikia. Kuna anayeongeza sauti ya redio, kuna anayejifanya amelala, na bila shaka kuna mtoto mwingine chumba cha pili anayekula wa kwake. Huyo amekuwa nani?

Na swali jingine, ulijibu ukipenda. Kwa nini waya wa pasi?

MkaaWaMbagala
Shikamoo mama. Ukurasa huo sikuutunga sana. Tuendelee.

Mama_Nasra
Marahaba mwanangu. Tuendelee.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Kabla hamjafika mbali: Kisiki anaumia au haumii? Mkaa hajasema, na hadithi yote imelalia hapo. Kupona haraka ni kitu kimoja, kutosikia maumivu ni kingine. Wapo watu wanaozaliwa hawasikii maumivu kabisa. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza familia za Pakistani zenye hali hiyo, chanzo ni hitilafu kwenye jeni moja (jeni, si jini). Mtoto mmoja alikuwa akifanya maonyesho mtaani, anajichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alikufa akiwa na miaka 14 hivi, aliruka kutoka juu ya paa. Na wenzake wenye hali hiyo walikuwa na midomo iliyojeruhiwa kwa kujing'ata wenyewe. Nimeuguza pia wagonjwa wa ukoma: mtu anaepua sufuria kwa mkono wenye ganzi huku anapiga soga, ngozi inabaki kwenye sufuria. Kwa hiyo ukisema "hasikii kitu" kana kwamba ni sifa, sisi wa wodini tunakushangaa.

Kisiki asikie kila kitu, mdogo wangu. Kila waya. Halafu njoo hapa: usiku kapigwa, asubuhi jirani mwenye moyo kambeba hadi kituo cha polisi, wamepewa PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, wamefika hospitali. Daktari anamvua shati. Mgongo laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ataandika nini? Ataandika alichokiona: hakuna jeraha. Baba wa kambo anamrudisha mtoto nyumbani, na mfukoni ana karatasi yenye mhuri inayosema hakumgusa.

Kurasa zako sita ndizo hizo, na hapo umetumia moja tu.

Steringi_Hafi
Nimeweka chipsi chini.

Ngosha_Kkoo
Dada muuguzi umemaliza. Na hapo ndipo kile kiti kinapata maana. Kisiki anakaa mpaka kunakucha kwa sababu anasubiri kidole kipone. Katika maisha yake yote alfajiri imekuwa ikifuta kila kitu. Kisipopona anapandwa na hasira, anaona yule mtu anajifanya tu, anatafuta huruma. Si ndivyo yeye mwenyewe alivyoonekana hospitali?

MkaaWaMbagala
Mkuu, kile kiti nilikichora kwa sababu kilijaza vizuri kona ya ukurasa. Sikujua anasubiri nini. Nimepatwa na baridi hapa na Dar yenyewe joto hili.

Mzee_wa_Busara
Mimi bado nasema mtu ukishamweleza haogopeshi. Ila hilo la PF3, sawa, liache.

Mwana_Pwani
Kushindwa kwake mnakutafuta mbali. Fumo Liyongo naye hakuwa anadhurika kwa silaha, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mfalme wa Pate na majeshi yake hawakuijua siri hiyo. Aliyeijua ni Liyongo mwenyewe, akamwambia mwanawe, na mwana alikuwa ameshaahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Akamchoma baba yake usingizini. Hata hivyo Liyongo aliamka, akachukua upinde, akapiga goti karibu na kisima, akafia palepale mshale ukiwa tayari. Siku kadhaa watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Picha hiyo, mkuu, mtu kafa na mji mzima una kiu, ningekuwa na mkono wako ningeichora kesho.

Ninachosema: silaha haisaidii mpaka ujue mahali, na mahali panajulikana na mtu aliyekuwa karibu na mwili. Liyongo alikuwa na mtoto. Kisiki hana mke, hana mtoto, hana rafiki. Nani amewahi kukaa karibu na mwili wake?

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Baba wa kambo.

Miaka yote ile alikuwa akitafuta pa kumwacha alama. Kama papo, anapajua yeye peke yake.

Ngosha_Kkoo
Uwiiii.

Mama_Nasra
Basi mzee huyo asife mapema. Kiharusi, kitanda cha kamba, chumba kile kile. Analishwa uji na yule mtoto wa chumba cha pili, sasa mtu mzima. Konda inabidi aende akapige hodi kwake, amwamkie, "shikamoo baba", kwa sababu ni mzee na ndivyo tulivyolelewa. Akae kwenye mkeka, amwombe huyo huyo amfundishe pa kumuumizia Kisiki. Hapo konda wenu hasahauliki tena.

Ila tafadhali konda asigeuke kuwa ndiye yule mtoto wa chumba cha pili, au dada yake Kisiki waliyepoteana. Filamu za Kihindi tumeziona za kutosha.

Steringi_Hafi
Mzee anakubali kusema?

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Nimewaona wazee wa hivyo vitandani. Atasema, na atasema kwa fahari, kama fundi anayeulizwa kazi yake. Mdomo umepinda upande lakini mkono mmoja unafanya kazi, atamwonyesha kwa kidole kwenye mwili wa konda mwenyewe. Usimchore akijuta.

MkaaWaMbagala
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Zile kurasa sita nimezichana, imebaki moja: shati linavuliwa, mgongo mtupu, kalamu ya daktari. Hakuna machozi. Waya wa pasi nimeuacha, unaning'inia ukutani chumbani kwa mzee ukurasa wa 52, hakuna anayeutaja.

Vijana wa gereji wamesoma. Yule wa bodaboda hajarudia habari ya mchoro. Ameniuliza tu kama yule daktari alijua. Nimemwambia sijui.

Mtoto wa chumba cha pili nimemfanya fundi redio. Mama Nasra asante, wazo la redio ni lako. Nilichobakiza ni konda kutoka chumbani kwa mzee akiwa tayari anapajua mahali. Nimechora mara tatu: moja anamchoma Kisiki, moja anashindwa, moja anakaa tu kwenye ngazi ya daladala asubuhi, wateja wanamgombeza kuhusu chenji. Hii ya tatu ndiyo mkono unaitaka, ila kurasa zimebaki tano.

Dada muuguzi, moja la mwisho. Kwenye PF3 daktari anaandika sehemu gani, na maelezo yake yana nafasi kubwa kiasi gani? Nataka ule mstari wa "hakuna jeraha" uonekane mdogo kwenye karatasi kubwa.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Njoo PM, nikuchoree kwa mkono. Usicheke mistari yangu.