Naomba ushauri: mifupa ya Olduvai, nani alitangulia kula, binadamu au fisi?

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha historia sekondari na nimekwama kwenye mada ya Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania.

Pale FLK, eneo la uchimbaji ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alipata fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus mwaka 1959, kuna mifupa ya swala, pundamilia, nguruwe pori na wengineo, imechanganyika na zana za mawe. Ina zaidi ya miaka milioni 1.8, na imesalia kwa sababu majivu ya volkano yaliifunika. Wanafunzi wanauliza kama wanyama hao walikufa pamoja. Nawajibu kwamba si lazima: mifupa inaweza kukusanywa na maji, na fisi, au na mababu zetu waliofuata nyama na uboho.

Tumejaribu kwa vitendo. Nilichukua mifupa ya mbuzi buchani. Mmoja tukaukwangua kwa jiwe kali, mwingine tukampa mbwa. Kwenye lenzi, jiwe limeacha mfereji mwembamba wenye vimistari ndani yake, jino limeacha kishimo kipana. Darasa zima liligombania lenzi, nilifurahi sana.

Shida ni kwamba baadhi ya mifupa ya Olduvai ina alama zote mbili, na wataalamu wenyewe wamebishana miaka mingi. Naombeni msaada hapa:

Alama ya jiwe na ya jino zikipandana, inatazamwa nini kujua ipi ilitangulia?

Na mifupa iliyokokotwa na maji, mwanafunzi ataitambuaje kwa macho tu, bila darubini?

Aliyesomea akiolojia au aliyewahi kufanya kazi ya uchimbaji, tafadhali anisaidie. Kipindi ni wiki ijayo.